"Malaika" ya harusi ya wazazi wangu ni ipi?

"Shikamoo fundi. Mimi naishi Ujiji. Mwaka huu wazazi wangu wanatimiza miaka 50 ya ndoa. Walioana Tabora 1974, baba akiwa bado anafanya kazi reli. Sisi watoto tumepanga kuwapigia 'Malaika' siku ya sherehe kwa sababu ndio wimbo walioucheza harusini. Nimepakua matoleo manne: la Fadhili William, la Miriam Makeba, la Boney M na la Angélique Kidjo. Baba kasikiliza yote, akasema, 'Hakuna wimbo wetu hapo.' Mama anasema baba kazeeka tu, wimbo ulikuwa wa Makeba. Hata maneno wanabishania: baba anaimba 'nakuwaza kidege', mama 'hukuwaza kidege'. Kwenye sanduku tumekuta santuri moja ndogo, karatasi yake ya katikati imechanika na ina ukungu. Tumekuta pia kaseti ambayo baba alirekodi redioni. Humo anaimba mtu hatujui kama ni mwanamke au kijana mdogo. Mjomba naye anasema wimbo ni wa Mtanzania, Wakenya waliuiba, kwa hiyo tutafute 'ule wa asili wa 1945'. Kaka yangu ana gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, anataka kuijaribia santuri hiyo. Anataka pia bendi yake iurekodi wimbo huu upya auweke mtandaoni. Je, toleo la asili ni lipi, na tufanyeje?"

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa wazee. Kabla sijasema lolote kuhusu malaika wala kidege, mzuie kaka yako. Leo hii. Gramafoni ya kuzungusha ina kichwa kizito na sindano ya chuma, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya santuri ngumu zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Santuri ndogo ya mwaka 1974, kama ni ile ninayoidhania, ni ya plastiki laini na huzunguka mara 45. Sindano ile ikipita humo mara moja tu italima mifereji kama jembe la ng'ombe, na alichokuwa akikitafuta baba yako kitakuwa unga mweusi kwenye ncha ya sindano. Nimewaona watu watatu hapa Tabora wakifanya hivyo, na wote walikuwa na nia njema.

Sasa tuzungumze. Umeniuliza swali moja, lakini ndani yake kuna matatu, na nadhani ndiyo sababu nyumbani kwenu hamwelewani. Mjomba anazungumzia nani alitunga. Wewe na simu yako mnatafuta nani alirekodi kwanza. Baba yako hana habari na yote hayo. Yeye anautafuta ule mlio uliokuwa ukumbini usiku ule, alipomshika mama yako mkono. Majibu ya maswali haya matatu yanaweza kuwa watu watatu tofauti, na hakuna kati yao atakayekuwa mwongo.

Nianze na la kati maana ndilo lenye ushahidi. Sauti ya kwanza kuutia wimbo huu kwenye santuri ni ya Fadhili William, Mkenya, akiwa na kundi lake la Jambo Boys, kwenye miaka ile ya kuelekea uhuru wa Kenya. Kisha 1963 akaurekodi tena Nairobi katika studio za Equator, zilizokuwa chini ya Mwingereza Charles Worrod. Bendi ya studio hiyo ilikuwa na watu ambao majina yao baba yako atayatambua mara moja: Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na wale Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Unaona tatizo? Mwimbaji ni yuleyule, wimbo ni uleule, rekodi ni mbili. Ukikuta mtandaoni faili limeandikwa "Fadhili William, ya asili", hujaambiwa ni ipi kati ya hizo mbili, na aliyeliweka mara nyingi hajui kwamba kuna swali.

Na hiyo "ya asili ya 1945" anayoitaka mjomba, acheni kuitafuta. Mwaka 1945 ni mwaka wa dai la utunzi. Mtanzania Adam Salim ndiye anayetajwa kwamba aliutunga akiwa Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyempenda na ambaye wazazi hawakukubali amwoe. Mtu akasoma habari hiyo, akachukua mwaka ule, akaubandika juu ya rekodi ya miaka ya sitini, ukasambaa. Unapolisikiliza faili lililoandikwa 1945 unasikia magitaa ya umeme ya miaka ya sitini.

Adam Salim si mdai peke yake. Mombasa ukitaja wimbo huu utatajiwa Lucas Tututu, na kuna wanaomtaja Grant Charo. Fadhili mwenyewe alishikilia hadi mwisho wa maisha yake kwamba wimbo ni wake. Aliishi Marekani miaka mingi, akarudi, akafariki Nairobi Februari 2001 bila mabishano kwisha. Wengi wanaompinga kwenye utunzi humpa haki yake kwenye kurekodi: yeye ndiye aliyeufikisha studio.

Kwa nini wimbo mmoja uwe na baba wanne? Hapa inabidi ujue kazi ilivyokuwa ikienda. Wimbo ulizaliwa kwenye dansi au barazani, ukaimbwa na huyu, akausikia yule, akauongezea ubeti, akauhamishia mji mwingine. Hakuna aliyeuandika kwenye karatasi. Siku kampuni ya santuri inapokuja, inamwuliza aliyesimama mbele ya maikrofoni: unaitwa nani? Jina hilo ndilo linalochapwa kwenye karatasi ya katikati, chini ya jina la wimbo. Kampuni ilihitaji jina la kuandika, basi. Na kwa kuwa pesa za utunzi hufuata jina lililochapwa, karatasi ile ya duara, ndogo kuliko kiganja, ikawa kama hati ya shamba. Mwenye nayo anayo, asiyekuwa nayo anabaki na mashahidi wa kijijini.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii sana. Kisa chenyewe ni cha kila mtu. Kijana anampenda msichana, mahari hana, msichana anaondoka. Neno "mali" humo ndani ni mahari, wala si utajiri wa magari na majumba, na nani katika vijana wa miaka ile hakupitia hapo? Kila mdai ana msichana wake wa kweli wa kumtaja. Ndiyo maana ukiwasikiliza mmoja mmoja, kila mmoja anakushawishi. Mimi nikisikia mtu anasema, "Wimbo ule ulinihusu," huwa namwamini bila shida. Akisema, "Kwa hiyo niliutunga," hapo nasubiri.

Mwambie mjomba kwa heshima kwamba neno "waliuiba" halikai vizuri. Mwaka 1945 jina Tanzania halikuwapo; kulikuwa na Tanganyika na Kenya, zote chini ya Mwingereza, na kijana wa Tanganyika kwenda kutafuta kazi Nairobi lilikuwa jambo la kawaida kama wewe kwenda Kasulu. Hata baadaye, bendi zetu zilikwenda kurekodi na kuchapisha santuri Nairobi kwa sababu sisi hatukuwa na kiwanda cha santuri. Santuri alizonunua baba yako Tabora zilipanda treni kama yeye. Zilitoka Nairobi, zikashuka hadi Dar es Salaam au zikapitia Mwanza, zikaingia kwenye reli ya kati. Tabora reli inapogawanyika, nyingine zikaja kwenu Kigoma. Watu wa reli ndio waliokuwa na santuri mpya kuliko wote. Huo si wivu, ni kumbukumbu.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuandika jina moja kwenye karatasi ya sherehe yenu, nitaandika: "Malaika, kama ilivyorekodiwa na Fadhili William." Neno "mtunzi" ningeliacha nje. Kumkana Adam Salim mbele ya mjomba siku ya sherehe hakuna faida, na kumkana Fadhili si haki.

Mama yako na Makeba. Hapa mama ana hoja nzito kuliko mnavyodhani. Makeba alikuwa akiimba wimbo huu tangu miaka ya sitini, na 1965 ukatoka kwenye santuri aliyofanya na Harry Belafonte, "An Evening with Belafonte/Makeba", iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Humo umeandikwa kwanza "My Angel", kisha "Malaika" kwenye mabano. Kwa hiyo kufikia harusi ya 1974, Makeba alikuwa ameshakuwa sauti ya "Malaika" kwa dunia nzima, na redio ya kwetu ilimpenda. Mama kumsikia Makeba katika miaka ile ya ndoa changa ni jambo linalowezekana kabisa. Ila kumsikia redioni mwaka ule si sawa na kumcheza ukumbini usiku ule, na kumbukumbu hupenda kuunganisha vitu viwili vya msimu mmoja.

Hayo mengine mawili ondoeni. La Boney M ni la 1981 na la Kidjo ni la 1991, limo kwenye albamu yake "Logozo". Mtu hawezi kucheza 1974 wimbo wa 1981, hata awe mfanyakazi wa reli mwenye santuri mpya. (Kama unapenda mambo ya kushangaza: Sweden wimbo huu ulivuma tangu 1967 kwa kundi la Hep Stars, ambalo mpiga kinanda wake, Benny Andersson, baadaye alikuwa mmoja wa ABBA. Kidege kilifika mbali.)

Kuna kitu kimoja Waswahili hukisikia kwa Makeba ambacho wageni hawakisikii. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Wimbo unasema "ningekuoa". Makeba anaimba vilevile, kwa kinywa cha mwanamke, na mara nyingi watu huniuliza kama alikosea kwa kuwa Kiswahili hakikuwa lugha yake. Jibu langu ni kwamba alivaa maneno ya kijana wa kiume jinsi mwimbaji anavyovaa kanzu ya mchezo. Taarabu imejaa wanaume wanaoimba mashairi ya wanawake na wanawake wanaoimba ya wanaume, na hakuna anayelalamika. Lakini ni alama nzuri ya kutambulia. Ukikuta toleo linaloimbwa na mwanamke na neno hilo limegeuzwa kuwa "ungenioa", jua mtu amekaa chini akalirekebisha kwa makusudi, na hilo ni toleo jingine kabisa.

Ugomvi wa "nakuwaza" na "hukuwaza" nimeufurahia, maana wazazi wako wamegusa mahali penye utelezi hasa. "Hukuwaza" ina milango miwili. Ukiipasua hivi, hu-ku-waza, yenye "hu" ya mazoea na "ku" ya wewe, maana yake ni kwamba huwa nakuwaza, kila siku, ewe kidege. Ukiipasua kwa namna nyingine, "hu" ikawa ya kukanusha nafsi ya pili na "ku" ikawa ya wakati uliopita, inakuwa lawama: wewe hukuwaza, hukufikiri. Herufi ni zilezile, mkazo ni uleule, gitaa haliwezi kukuamulia. Mimi nausikia mlango wa kwanza, kwa sababu kijana huyu hajamlaumu msichana popote pengine, anailaumu mifuko yake. Baba yako, anayeimba "nakuwaza", ameufunga mlango wa pili kwa komeo. Waimbaji wengi wa dansi walifanya hivyo, labda bila kufikiri. Na hapo ndipo ninapoanza kumwamini mzee. Mtu huwa haweki neno geni kwenye wimbo anaoupenda kwa miaka 50 kama hakuwahi kulisikia mahali.

Mahali gani? Nina dhana mbili.

Ya kwanza ni kwamba wimbo wao haukuwa santuri kabisa. Tabora ya miaka ile ilikuwa mji wa bendi. Kabla ya hapo tulikuwa na Kiko Kids ya akina Salum Zahoro, kisha Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na wapenzi wa hizo mbili za mwisho walikuwa wakitazamana kama wapenzi wa timu mbili za mpira. Bendi ya dansi ilipiga nyimbo zake, lakini harusini ilipiga pia kile ambacho watu wanakitaka. Kama walikuwa na bendi ukumbini, basi "Malaika" yao ilipigwa mara moja, kwa magitaa ya pale, na mwimbaji aliyesema "nakuwaza", ikaishia hewani. Hakuna simu itakayoipakua. Muulize baba swali moja tu, na uliulize bila kumtajia jibu: wakati wimbo unapigwa, aliokuwa anawatazama ni watu au ni mashine? Usimwulize kama ilikuwa bendi au santuri, maana mzee akipewa vitu viwili atachagua kimoja ili akuridhishe.

Dhana ya pili ipo kwenye kaseti, na hii nataka uielewe vizuri kwa sababu inaweza kuwaliza bure. Sauti ambayo hamjui ni ya mwanamke au kijana mdogo huenda ni ya mwanamume mzima. Kaseti huvutwa na mota. Kama baba alirekodi kwa radiokaseti ya betri, na betri zilikuwa zimechoka, mota ilivuta mkanda polepole. Wakati ule hakusikia kasoro yoyote kwa sababu redio ilikuwa inasema vizuri. Leo unaucheza mkanda uleule kwenye mashine yenye nguvu kamili, nao unapita kwa kasi kuliko ulivyorekodiwa: wimbo unaharakisha na sauti inapanda. Mota ikipungua asilimia 6 tu, sauti leo inapanda kwa nusu toni. Ikipungua asilimia 12, toni nzima. Kwa mwimbaji wa sauti nyembamba hiyo inatosha kumfanya awe kijana wa darasa la saba. Nimeshaletewa kaseti ya marehemu shekhe mmoja ambayo familia iliificha kwa aibu wakidhani ni mtoto anamwigiza.

Dawa ni rahisi. Usihangaike na wimbo. Tafuta kabla au baada yake, mtangazaji anaposema chochote. Sauti ya mtu anayezungumza masikio yako yanaijua. Ingiza kaseti kwenye kompyuta, tumia programu yoyote ya sauti inayobadili kasi na kimo cha sauti (wembamba au unene wake) kwa pamoja, na ushushe kidogo kidogo mpaka mtangazaji azungumze kama binadamu. Kisha rudi kwenye wimbo bila kugusa kitu. Angalia tu usichague ile inayobadili kasi na kuacha kimo kilekile, hiyo itakuharibia. Na mtangazaji huyo msikilize vizuri anatumia lugha gani. Kwenu Ujiji redio hushika ng'ambo ya mpaka, na kama anamalizia kwa Kirundi au Kifaransa, basi tunatafuta bendi ya upande ule, mezani pa Nairobi hatutaikuta.

Kama kile kisponji kidogo ndani ya kaseti kimedondoka, sauti itakuwa hafifu kama inatoka chini ya maji. Usitupe. Nunua kaseti mpya yenye skrubu, ifungue, hamishia mkanda wa baba humo. Mwenye mikono mitulivu anaweza. Mwenye haraka asiguse.

Tuje kwenye santuri. Ipime kwa rula. Ikiwa na upana wa sentimita 17 au 18 na inapinda kidogo ukiibonyeza pembeni, ni ya plastiki, ya mizunguko 45. Ikiwa sentimita 25, nzito, ngumu, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama sahani ya udongo, ni ile ya zamani ya 78. Tofauti hii ni ya uhai na kifo kwenye kusafisha. Ya plastiki inavumilia maji safi yaliyochemshwa yakapoa, na tone moja la sabuni ya vyombo. Futa kwa kitambaa laini ukifuata duara la mifereji, usikate katikati, usiloweshe karatasi, kisha isimamishe kivulini ikauke. Ile ya 78 usiipake spiriti kamwe. Nilifanya hivyo 1989, kwenye santuri ya mtu mwingine, nikiwa nimejiamini sana. Spiriti inayeyusha kile kinachoishikilia. Nilimrudishia mwenyewe kitu kinachonata kama asali ya Sikonge, na hatukusalimiana miaka miwili.

Karatasi kuchanika kusikukatishe tamaa. Chukua tochi, iweke santuri mezani juu ya kitambaa safi, imulike kwa ubavu. Kati ya mfereji wa mwisho na karatasi kuna pete laini isiyo na muziki, na humo kuna herufi na namba ndogo zilizogongwa au kukwaruzwa kiwandani. Andika kila kitu, pande zote mbili, hata kile unachodhani ni mkwaruzo. Namba hiyo ni ya rekodi yenyewe, na mara mbili za kurekodi wimbo mmoja huwa hazina namba moja. Wapenzi wa santuri wamekusanya orodha za namba za kampuni za Nairobi kwa miaka mingi. Ukinipa namba, mara nyingi jina linafuata. Hata rangi ya kipande cha karatasi kilichobaki inasaidia. Ipige picha mchana, kivulini, bila flashi.

Kuichezesha ndiyo kazi ambayo sitaki uifanye mwenyewe. Inahitaji mashine yenye mkono mwepesi na sindano ya almasi, na kama tundu la katikati ni kubwa, kile kipachiko cha kuliziba ili isiyumbe. Mtu akikuambia sindano yake ni nzima, muombe akuonyeshe. Mnaweza kuileta kwangu Tabora, au ukiwa na ndugu Nairobi, Soko la Kenyatta kuna kibanda cha santuri wanachokifahamu wapenzi wote wa muziki wa zamani. Popote itakapokwenda, ibebwe mkononi, imesimama, katikati ya makaratasi magumu mawili. Isiende kwenye buti la basi: joto la mchana linaikunja kama chapati, na ikishakunjwa hakuna fundi. Mtu wa reli atakuambia treni ni bora, na safari hii nakubaliana naye. Ikichezwa iingizwe kwenye kompyuta mara hiyohiyo, kwa mzunguko mmoja, na mafaili mawili yabaki: moja ghafi lisiloguswa, jingine lililopunguzwa mikwaruzo. Vijana hupenda kusafisha mpaka gitaa linakufa. Acheni mikwaruzo kiasi, 1974 ilikuwa nayo.

Kuhusu bendi ya kaka. Kuuimba nyumbani kwenye sherehe ya wazee, aimbe mpaka asubuhi. Kuurekodi na kuuweka mtandaoni ni habari nyingine. Kwenye wimbo kuna haki mbili zinazokaa pamoja bila kuwa kitu kimoja: haki ya utunzi, yaani maneno na tuni, na haki ya ile rekodi. Akipiga upya kwa bendi yake hagusi rekodi ya mtu, lakini anagusa utunzi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kama mtunzi ni Fadhili, aliyefariki 2001, hesabu inafika 2051. Kama ni mwingine, saa inahesabu kutoka kaburi jingine. Ndipo ugomvi wa mjomba unapogeuka kuwa wa fedha. Na hili lisiamuliwe na mimi wala na rafiki yake anayejua mitandao. Aende au apige simu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, aeleze anataka kufanya nini, apewe utaratibu kwa maandishi. Asijiandike yeye kuwa mtunzi kwa kisingizio cha "wimbo wa asili". Wimbo huu umeshaandikwa majina ya kutosha.

Limebaki jambo moja, na afadhali ulifanye jioni ya leo kabla ya kugusa kaseti au kumchezea mzee kitu kingine chochote. Umeshamsikilizisha matoleo manne, na kila moja limekwangua kidogo lile lililokuwa kichwani mwake. Mkalishe nje, mahali anapopapenda, washa simu irekodi, umwombe aimbe "Malaika" ya harusi yake toka mwanzo hadi mwisho, na asionyeshwe maneno. Mama asikae karibu kumsahihisha. Akae ndani, naye aimbe yake baadaye, peke yake. Usimkatize akikosea. Anapoacha maneno na kuanza kuimba gitaa kwa mdomo, "ting-ti-ting", hapo ndipo usogeze simu karibu zaidi, kwa sababu maneno ameyasikia kwa watu wengi lakini gitaa lile amelisikia mahali pamoja tu. Nitumie sauti hiyo pamoja na namba za santuri.

Na mama akiendelea kusisitiza kwamba ni Makeba, mwulize kwa utani nani kati yao wawili alimwoa mwenzake.